Ukaguzi wa abiria ni ngao, lakini si ngome

KWA karibu miaka 19, wasafiri waliopitia viwanja vya ndege vya Marekani walilazimika kuvua viatu na kuviweka katika trei ili vipigwe picha na mashine, huku wao wakisubiri zamu yao wakiwa na soksi tu miguuni.

Mnamo Julai 2025, serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuwa sharti hilo limeondolewa. Maafisa walisema mitambo ya kisasa na mpangilio mzima wa usalama vimeimarika kiasi kwamba hakuna haja tena ya kumvua viatu kila abiria.

Tangazo hilo liliwafurahisha wasafiri wengi. Hata hivyo, liliibua upya swali ambalo limekuwa likiulizwa tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Je, upekuzi huu unaogharimu mabilioni ya pesa na kuwachosha watu huzuia maovu kwa kweli, au kazi yake ni kuwatuliza wasafiri tu?

Swali hilo si la Wamarekani peke yao. Kenya imewahi kushambuliwa na magaidi mara kadhaa, inategemea watalii wanaowasili kwa ndege, na uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) ni kitovu cha safari za kanda hii. Kila shilingi inayonunua mtambo wa kukagua mikoba ni shilingi ambayo haitamlipa mlinzi wa ua wala afisa wa ujasusi.

Ukweli wa mambo ni kwamba ukaguzi una manufaa, na ushahidi wake upo. Lakini historia ya zaidi ya miaka 50 inaonyesha kuwa ukaguzi hulinda mlango mmoja pekee, ule anaopitia abiria. Maafa mengi ya miaka ya karibuni yalipitia milango mingine.

Manufaa yaliyo wazi

Anayedai kwamba ukaguzi hauna maana yoyote amesahau hali ilivyokuwa kabla ya mwaka wa 1973. Kati ya 1968 na 1972, visa zaidi ya 100 vya utekaji nyara wa ndege, au majaribio ya utekaji, vilitokea nchini Marekani. Wakati huo msafiri angeweza kupanda ndege akiwa na bastola mkobani bila kuulizwa lolote.

Mnamo Januari 1973, serikali ya Marekani iliagiza kila abiria apitishwe kwenye kifaa cha kugundua chuma na mkoba wake upekuliwe. Visa vya utekaji vilipungua ghafla. Ni kweli kwamba mapatano yaliyotiwa saini mwezi uliofuata baina ya Marekani na Cuba, ambako watekaji wengi walikuwa wakikimbilia, yalichangia pia. Lakini hakuna anayepinga kwamba kuondoa bunduki ndegeni kulibadilisha mambo.

Hadi leo bunduki zinaendelea kunaswa. Mwaka wa 2023, wakaguzi wa Marekani walipata bunduki 6,737 katika vituo vya ukaguzi, na zaidi ya asilimia 90 kati yazo zilikuwa na risasi. Nyingi hazikuwa za magaidi bali za raia waliodai kusahau. Hata hivyo, bastola yenye risasi ndani ya ndege ni hatari bila kujali nia ya mwenyewe.

Kuna manufaa mengine ambayo hayaonekani kwa urahisi. Ukaguzi humlazimu mshambuliaji kutumia silaha duni.

Mnamo Desemba 22, 2001, Richard Reid alipanda ndege ya American Airlines kutoka Paris kuelekea Miami akiwa amefichia bomu ndani ya viatu. Alijaribu kuwasha utambi kwa kiberiti akiwa kitini, wahudumu na abiria wakamwona, wakamrukia na kumfunga.

Miaka minane baadaye, Desemba 25, 2009, Umar Farouk Abdulmutallab, raia wa Nigeria, alisafiri kutoka Amsterdam kuelekea Detroit akiwa na kilipuzi aina ya PETN kilichoshonwa ndani ya chupi. Kilipuzi hicho kilishika moto bila kulipuka, na yeye mwenyewe ndiye aliyeungua. Abiria walimdhibiti.

Wawili hao walipita ukaguzini, na kwa hivyo ni rahisi kusema kuwa ukaguzi ulifeli. Lakini ni kwa nini mabomu yao yalikuwa ya kubahatisha? Ni kwa sababu hawangeweza kubeba kifaa kikubwa chenye betri na nyaya, kama kile kilichofichwa ndani ya redio ya kaseti katika sanduku na kuilipua ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, mnamo Desemba 21, 1988. Watu 270 walifariki katika mkasa huo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa nchi jirani ya Somalia. Mnamo Machi 7, 2016, bomu lililofichwa ndani ya kipakatalishi lililipuka katika sehemu ya ukaguzi ya uwanja wa ndege wa Beledweyne na kuwajeruhi watu kadhaa. Waliojeruhiwa walilipa gharama ya usalama wa wengine, kwani bomu hilo halikufika angani.

Jicho huchoka

Pamoja na manufaa hayo, mashine hutegemea macho ya binadamu, na binadamu ana udhaifu wake.

Mnamo Juni 2015, vyombo vya habari vya Marekani vilifichua matokeo ya majaribio ya siri. Maafisa waliojifanya abiria wa kawaida walijaribu kupenyeza silaha na mabomu bandia katika viwanja kadhaa vya nchi hiyo. Walifaulu mara 67 kati ya mara 70. Kaimu mkuu wa idara ya usalama wa uchukuzi, TSA, aliondolewa katika wadhifa huo mara moja.

Matokeo hayo hayakutokana na uzembe pekee. Mnamo 2005, mtafiti Jeremy Wolfe na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu watu wanaotafuta kitu fulani ndani ya picha zilizojaa vitu vingi. Kitu hicho kilipokuwemo katika nusu ya picha, watafutaji walikikosa mara 7 kati ya 100. Kilipokuwemo katika picha 1 tu kati ya 100, walikikosa mara 30 kati ya 100.

Maana yake ni kwamba jambo likiwa adimu, jicho huzoea kutoliona. Mkaguzi anayetazama maelfu ya mikoba yenye nguo, chaja na vitabu hujizoesha kutarajia nguo, chaja na vitabu. Bomu halisi anaweza kustaafu bila kuliona hata mara moja.

Kwa kutambua hilo, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mkaguzi asikae mbele ya kioo cha mashine akitazama picha mfululizo kwa zaidi ya dakika 20 bila kupumzika. Aidha, mitambo mingi ya kisasa hupachika picha bandia za silaha ndani ya picha za mikoba halisi ili kumwamsha mkaguzi na kupima umakini wake.

Hesabu nayo haimsaidii mkaguzi. Chukulia kwamba kuna abiria milioni moja na mmoja tu kati yao amebeba bomu. Chukulia pia kwamba mashine ni hodari sana, na hukosea mara 1 tu kati ya 100. Mashine hiyo itawapigia kengele watu wapatao 10,000 wasio na hatia ili kumpata mmoja mwenye hatia.

Baada ya kengele elfu kadhaa za uongo, mkaguzi gani atashtuka akisikia ile ya kweli? Hapa ndipo kazi hii hugeuka mazoea, na mazoea hayana macho.

Kumfuata adui nyuma

Udhaifu wa pili ni kwamba masharti ya ukaguzi huandikwa baada ya tukio. Waliozishambulia New York na Washington mnamo 2001 walitumia visu na vifaa vidogo vya kukatia. Kanuni za wakati huo ziliruhusu visu vyenye makali yasiyofikia inchi 4, na baada ya mkasa huo vikapigwa marufuku.

Reid alificha bomu kwenye viatu, na viatu vikaanza kuvuliwa. Mnamo Agosti 2006, polisi wa Uingereza walitibua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa ndani ya chupa za vinywaji. Tangu hapo ulimwengu mzima ukazoea sharti la mililita 100. Abdulmutallab alipotumia chupi, mashine za kupiga picha mwili mzima zikaenea viwanjani.

Kila mara adui alikuwa amehamia kwingine. Mnamo Oktoba 2010, magaidi walioko Yemen hawakumtuma mtu yeyote. Walituma vifurushi viwili vyenye printa, vilipuzi vikiwa ndani ya vikasha vya wino. Kimoja kilinaswa katika uwanja wa East Midlands, Uingereza, na kingine Dubai, baada ya kusafirishwa sehemu ya safari katika ndege za abiria.

Jambo la kuzingatia ni jinsi vifurushi hivyo vilivyopatikana. Majasusi wa Saudi Arabia ndio waliotoa habari. Hata baada ya kuarifiwa, polisi nchini Uingereza walikipekua kifurushi chao mara ya kwanza wasione chochote, na ikabidi wakirudie.

Ndivyo ilivyokuwa hata katika ile njama ya 2006. Haikugunduliwa na mkaguzi yeyote wa mikoba, bali na makachero waliowafuata washukiwa kwa muda kabla hawajakata tiketi.

Kinyume chake, ujasusi ukipuuzwa mashine haiokoi. Babake Abdulmutallab alikwenda mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Abuja mnamo Novemba 2009 kueleza hofu yake kuhusu mwanawe. Jina la kijana huyo liliingizwa katika kumbukumbu, lakini halikuwekwa kwenye orodha ya wanaozuiwa kusafiri. Mzazi alipiga mbiu, waliopaswa kuisikia wakaikunja na kuiweka katika faili.

Mwaka wa 2001 pia, mfumo wa kompyuta uliokuwa ukitumika Marekani uliwatilia shaka zaidi ya nusu ya watekaji 19. Lakini kwa mujibu wa kanuni za wakati huo, shaka hiyo ilihusu mizigo waliyoikabidhi tu, si wao wenyewe wala walichobeba mkononi.

Kikulacho ki nguoni mwako

Udhaifu wa tatu ndio mkubwa zaidi, nao unahusu watu wasiopita katika foleni ya abiria.

Mnamo Februari 2, 2016, bomu lililipuka ndani ya ndege ya shirika la Daallo muda mfupi baada ya kuondoka Mogadishu. Mlipuko ulitoboa ubavu wa ndege na aliyebeba bomu hilo akavutwa nje hewani. Rubani alifanikiwa kuirudisha ndege salama, na mshambuliaji ndiye pekee aliyefariki.

Kamera za uwanja zilionyesha kitu mithili ya kipakatalishi kikikabidhiwa kwa msafiri huyo baada ya sehemu ya ukaguzi. Waliokikabidhi walikuwa wamevaa kama wafanyakazi wa uwanja. Kundi la al-Shabaab lilidai kuhusika.

Miezi mitatu kabla yake, Oktoba 31, 2015, ndege ya Metrojet iliyojaa watalii wa Urusi ililipuka juu ya rasi ya Sinai baada ya kuondoka Sharm el-Sheikh, Misri. Watu wote 224 waliokuwemo waliangamia. Serikali ya Urusi ilisema chanzo kilikuwa bomu, na shaka ikaelekezwa kwa watu waliokuwa na uwezo wa kuzifikia ndege na mizigo uwanjani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Fundi, mpakiaji mizigo, mfanyakazi wa usafi na mpishi wa chakula cha ndegeni huifikia ndege kila siku. Abiria akipekuliwa hadi kwenye kisigino cha kiatu ilhali mfanyakazi anapita kwa kuonyesha kadi tu, kilicholindwa ni nusu ya nyumba.

Kenya imekuwa na onyo lake. Mnamo Juni 30, 2019, mwili wa mtu ulianguka katika bustani ya nyumba moja mtaani Clapham, London, kutoka kwa ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikikaribia kutua Heathrow. Mtu huyo aliaminika kuwa alijificha Nairobi katika sehemu ya ndege inayohifadhi magurudumu. Humo mlipatikana mkoba, maji na chakula.

Tukio hilo lilijiri miezi minane tu baada ya safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York kuzinduliwa, Oktoba 2018. Ili kuruhusiwa kuanza safari hizo, Kenya ilikuwa imetakiwa kuimarisha JKIA, yakiwemo masuala ya kuwatenganisha abiria wanaowasili na wanaoondoka na kuuzungushia uwanja ua madhubuti.

Kisa hicho hakikuwa cha mwisho. Mnamo Februari 2021, kijana wa Kenya mwenye umri wa miaka 16 alipatikana akiwa hai, mwili ukiwa umepoa kupita kiasi, katika sehemu ya magurudumu ya ndege ya mizigo iliyotua Maastricht, Uholanzi.

Hakuna dalili kwamba wawili hao walimtakia mtu mabaya. Lakini anayeweza kufika penye magurudumu akiwa na mkoba wa chakula angeweza kufika hapo akiwa na mkoba wa kitu kingine. Siku hizo zote abiria wa JKIA walikuwa wakiendelea kuvua mikanda.

Nje ya ua

Kuna hatari ambayo hata ua mzuri hauizuii, na Wakenya waliishuhudia mapema kuliko wengi.

Asubuhi ya Novemba 28, 2002, makombora mawili ya kurushwa kutoka begani yalilenga ndege ya shirika la Arkia la Israeli iliyokuwa ikiondoka katika uwanja wa kimataifa wa Moi, Mombasa. Waliorusha walikuwa nje ya uwanja. Makombora hayo yaliikosa ndege iliyokuwa imebeba zaidi ya watu 250.

Wakati huo huo, hoteli ya Paradise iliyoko Kikambala ililipuliwa na Wakenya 10 pamoja na Waisraeli 3 wakauawa. Hakuna abiria yeyote wa ndege ile ambaye kuvuliwa kwake viatu kungebadilisha lolote.

Upande mwingine, ukaguzi wenyewe huzalisha hatari mpya, kwani huwakusanya watu mahali pamoja. Mnamo Januari 24, 2011, mshambuliaji alijilipua katika ukumbi wa kuwapokea wageni katika uwanja wa Domodedovo, Moscow, na kuua zaidi ya watu 30. Mnamo Machi 22, 2016, washambuliaji walijilipua katika ukumbi wa kuondokea abiria wa uwanja wa Brussels, kabla ya mahali pa ukaguzi. Katika uwanja huo na katika treni ya mjini, watu 32 waliuawa.

Baada ya hapo baadhi ya watu walipendekeza ukaguzi usogezwe hadi milangoni. Lakini uwanja wa Atatürk mjini Istanbul tayari ulikuwa ukiwakagua watu mlangoni. Mnamo Juni 28, 2016, washambuliaji wenye bunduki na mabomu walivamia hapo na kuua zaidi ya watu 40.

Katika JKIA, abiria wamekuwa wakishuka garini kabla ya kuyafikia majengo na kupita kwa miguu kwenye mashine huku gari likikaguliwa kando. Mpango huo huweka bomu la garini mbali na majengo, na hilo ni jambo la maana. Lakini msongamano unapotokea langoni, umati uliokuwa ukilindwa ndani huwa umehamishiwa nje.

Rubani naye ni binadamu

Mtaalamu wa usalama Bruce Schneier wa Marekani, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiuita upekuzi mwingi wa viwanjani mchezo wa kuigiza, ameshikilia kwamba mambo makuu yaliyoboresha usalama wa ndege baada ya 2001 ni mawili: mlango imara wa chumba cha marubani, na abiria waliojifunza kupambana.

Visa vya Reid na Abdulmutallab vinaunga mkono hoja hiyo kuhusu abiria. Lakini hata mlango imara una upande wa pili. Mnamo Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings alimfungia nje nahodha wake, akaielekeza ndege milimani nchini Ufaransa na kuwaua watu wote 150. Mlango uliowekwa kuwazuia magaidi ulimzuia nahodha.

Magaidi nao wamelitambua pengo hilo. Cholo Abdi Abdullah, raia wa Kenya, alikamatwa nchini Ufilipino mnamo Julai 2019 baada ya kusomea urubani huko. Mnamo Novemba 2024, mahakama ya New York ilimpata na hatia ya kula njama na al-Shabaab kuteka ndege na kuigongesha kwenye jumba nchini Marekani. Ushahidi ulionyesha kwamba alikuwa amechunguza jinsi ya kuingia katika chumba cha marubani.

Mtu kama huyo angepita kwenye mashine akiwa safi kabisa. Silaha yake ilikuwa elimu. Aliyemzuia alikuwa mpelelezi.

Kumsoma mtu usoni

Baadhi ya watu husema dawa ni kumwangalia mtu badala ya mkoba wake. Wanataja kisa cha Aprili 17, 1986, pale maafisa wa shirika la ndege la Israeli, El Al, walipomhoji mwanamke mjamzito raia wa Ireland katika uwanja wa Heathrow. Mkoba wake ulikuwa umeshapita kwenye mashine ya uwanja. Majibu yake yaliwatia shaka, wakaupekua tena na kupata bomu ambalo mchumba wake, Nezar Hindawi, alikuwa amelificha bila yeye kujua.

Ni kweli kwamba maswali mazuri hugundua mengi. Lakini El Al ni shirika dogo lenye wahojaji waliofunzwa kwa kina na muda wa kutosha kwa kila msafiri. Marekani ilipojaribu kuwatumia maafisa kutambua dalili za mwili kwa mamilioni ya abiria, wakaguzi wa hesabu za serikali waliripoti mnamo Novemba 2013 kwamba uwezo wa binadamu kutambua nia mbaya kwa dalili hizo haukuzidi kubahatisha, au uliuzidi kidogo tu. Mpango huo ulikuwa umeshameza takriban dola milioni 900.

Hatari iliyopo ni kwamba asiyejua kusoma dalili husoma jina, mavazi na kabila. Malalamiko ya Wakenya wa jamii ya Kisomali kuhusu kuhangaishwa katika vituo vya ukaguzi si mapya. Mbali na kuwa dhuluma, tabia hiyo huwafukuza watu wale wale ambao taarifa zao zinahitajika. Mzazi aliyedhalilishwa langoni hatarudi kutoa habari za mwanawe.

Gharama isiyohesabiwa

Ukaguzi una gharama nyingine isiyoandikwa katika bajeti. Mtafiti wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alikadiria kwamba Wamarekani wapatao 1,500 zaidi walikufa barabarani katika mwaka uliofuata mashambulizi ya 2001, kwa sababu watu waliogopa ndege na kusafiri kwa magari. Hofu ilizaa maafa yake. Usumbufu nao unaweza kuwasukuma wasafiri barabarani vivyo hivyo, hasa katika nchi ambayo ajali ni habari za kila wiki.

Kwa upande mwingine, kulegeza kamba kuna gharama pia. Mnamo Mei 2003, serikali ya Uingereza ilisimamisha safari za mashirika yake ya ndege kuja Kenya kwa sababu ya tishio la ugaidi, na zikarejelewa wiki kadhaa baadaye. Hoteli za Pwani, zilizokuwa bado zinauguza jeraha la Kikambala, ndizo zilizoumia. Aliyekosa mshahara hakuwa gaidi bali mpishi wa Diani na dereva wa teksi wa Malindi.

Kenya yenyewe imewahi kuwatwika wengine mzigo kama huo. Katika nyakati tofauti ilizitaka ndege za kutoka Mogadishu zitue kwanza Wajir ili abiria wakaguliwe upya kabla ya kuendelea Nairobi. Ilikuwa hatua yenye mantiki, hasa baada ya kisa cha Daallo, lakini iliwachosha wafanyabiashara, wagonjwa na wanafunzi wasio na kosa.

Yanayofaa kufanywa

Ni wazi, basi, kwamba jibu si kuuondoa ukaguzi wala kuuongeza kiholela. Jambo la kwanza ni kuupima. Kiwanja kisichojaribiwa kwa siri na watu wasiojulikana na wakaguzi hakijui nguvu zake. Matokeo ya 2015 yaliiaibisha Marekani, lakini yaliilazimu kuyakabili mapengo yake. Kamati ya Bunge inayohusika na usalama ina wajibu wa kuiuliza Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya (KAA) na idara husika ni mara ngapi majaribio kama hayo hufanywa na matokeo yake ni yapi, hata kama majibu yatatolewa faraghani.

La pili ni kuelekeza macho nyuma ya jukwaa. Mfanyakazi anayeifikia ndege anafaa kupekuliwa kila anapoingia, historia yake ichunguzwe mara kwa mara, na kadi yake ifutwe siku anayoacha kazi. Ua ukaguliwe usiku na mchana.

La tatu ni maslahi. Mkaguzi anayelipwa kidogo, anayesimama saa nyingi bila mapumziko na asiyefunzwa upya, ni mlango uliorudishwa bila kufungwa. Ni rahisi kumhonga, na hata asipohongwa ni rahisi kwake kusinzia. Kununua mashine ya mamilioni kisha kumweka mbele yake mtu aliyechoka ni kupoteza mashine na mtu.

La nne ni kuupa ujasusi nafasi yake. Karibu kila njama kubwa iliyozimwa mapema ilizimwa mbali na uwanja wa ndege, na mtu aliyesikia, aliyeona au aliyeambiwa. Taarifa ya raia ina thamani kuliko trei elfu moja za viatu, mradi yupo wa kuipokea na kuifanyia kazi.

Hata hayo yote yakifanywa, haitakuwepo siku ambapo serikali itaweza kumhakikishia msafiri kwamba hatari imeisha. Inachoweza kumhakikishia ni kwamba usumbufu anaovumilia langoni una sababu, umepimwa, na hautumiki kufunika uzembe wa upande wa pili wa ukuta. Kuondolewa kwa sharti la viatu kulikuwa ukiri wa Marekani kwamba sharti linaweza kupitwa na wakati. Hapa nchini, swali linalosubiri jibu ni lile la ua wa JKIA, na la nani aliye ndani yake wakati abiria wamelala.